Kukagua viraka vya majaribio ya mtandao kwenye keneli ya Linux: mwongozo kamili

Kiraka kinachogusa draiva ya kadi ya mtandao husomwa kwa makini, mstari kwa mstari. Kiraka kinachoongeza jaribio mara nyingi hupewa jicho moja tu na kupitishwa, kwa hoja kwamba jaribio halivunji mashine ya mtu. Sikubaliani na hoja hiyo hata kidogo. Jaribio linalofaulu siku zote, hata pale keneli imeharibika, linawalaza watu usingizi. Jaribio la kigeugeu, linalofeli leo na kufaulu kesho bila msimbo kubadilika, linawazoesha watunzaji kupuuza onyo. Siku kasoro ya kweli inapotokea, hakuna anayeamka.

Kwa hiyo nikifungua kiraka cha aina hii, swali langu la kwanza ni hili: nani ameliona jaribio hili likifeli, na lilifeli kwa sababu gani? Hatua zote zinazofuata ni njia ya kulijibu swali hilo.

Mwongozo huu unahusu majaribio yaliyoko `tools/testing/selftests/net` na yale ya draiva yaliyoko `tools/testing/selftests/drivers/net`. Unahitaji kuijua bash vizuri, C kiasi, na git ya kila siku. Huhitaji kuwa bingwa wa TCP. Ukaguzi wa majaribio ni mlango mzuri kwa anayeanza kuchangia kwenye keneli, maana kazi ni nyingi na wanaoifanya ni wachache.

## Andaa mahali pa kazi

Usiendeshe majaribio haya juu ya keneli ya mashine unayoitegemea. Yanahitaji ruhusa za root, yanabadilisha mipangilio ya mtandao, na mengine yameandikwa makusudi ili kuiangusha keneli yenye kasoro. Tumia mashine pepe. Chombo chepesi kuliko vyote ni virtme-ng, ambacho amri yake ni `vng`: kinawasha keneli uliyoijenga sasa hivi huku kikitumia programu zilizoko tayari kwenye kompyuta yako, bila kukulazimu kusakinisha mfumo mwingine.

Kama unanunua bando, angalia namna unavyoshusha msimbo. Historia nzima ya keneli ni gigabaiti kadhaa. Ukiongeza `--depth 1` kwenye `git clone` unabaki na mamia ya megabaiti, na kwa ukaguzi huu inatosha.

Kisha ingiza viraka kwenye tawi jipya kwa `b4 shazam` (b4 ni chombo cha kuvuta viraka kutoka orodha ya barua pepe), ukikipa kitambulisho cha ujumbe, na ujenge:

```
vng --build --config tools/testing/selftests/net/config
make headers
vng -v --run . --user root --cpus 4 -- \
  make -C tools/testing/selftests TARGETS=net \
  TEST_PROGS=jaribio.sh TEST_GEN_PROGS="" run_tests
```

Faili la `config` katika amri ya kwanza ndilo linaloorodhesha vipengele vya keneli ambavyo majaribio ya mtandao yanavihitaji. Tutalirudia muda si mrefu.

## Soma maelezo kabla ya msimbo

Kichwa cha kiraka kinapaswa kusema kinaelekea mti gani, yaani hazina gani ya msimbo. `net` ni wa kurekebisha kasoro za toleo lililoko jikoni. `net-next` ni wa mambo mapya ya toleo lijalo, na hufungwa kwa takriban wiki mbili kila dirisha la kuunganisha (kipindi cha kuingiza mambo mapya kwenye keneli kuu) linapofunguliwa. Jaribio linaloambatana na rekebisho husafiri na rekebisho lake, kwenye mfululizo mmoja na mti mmoja.

Angalia pia mpangilio ndani ya mfululizo: rekebisho litangulie, jaribio lifuate. Likigeuzwa, kutakuwa na hatua moja katika historia ambapo jaribio linafeli kihalali, na mtu atakayeisaka kasoro nyingine kwa `git bisect` miaka miwili baadaye ataangukia hapo na kupotea.

Maelezo yenyewe yaseme jaribio linathibitisha nini. "Ongeza jaribio la MTU" haitoshi. Nataka kusoma kwamba MTU (ukubwa wa juu wa pakiti moja) ikipunguzwa katikati ya muunganisho, data iliyobaki lazima ifike nzima, na kwamba kabla ya komiti fulani haikuwa inafika. Kama mwandishi ameweka matokeo ya jaribio likifeli bila rekebisho, mshukuru waziwazi.

## Mafaili ambayo watu huyasahau

Hapa usikae sana, lakini usiparuke. Jaribio ambalo halimo kwenye `Makefile` haliendeshwi na yeyote. Skripti huingia `TEST_PROGS`, programu za C zinazojiendesha huingia `TEST_GEN_PROGS`, na programu ya C inayoitwa na skripti huingia `TEST_GEN_FILES`. Nimeona zaidi ya mara moja programu saidizi ikiwekwa kwenye `TEST_GEN_PROGS`: mfumo unaiendesha peke yake bila hoja zozote, nayo inafeli au, vibaya zaidi, inafaulu. Jina liingie mahali pake kwa mpangilio wa alfabeti, si mwishoni mwa orodha ambako kila mtu huongeza lake na viraka hugongana.

Programu ya C iandikwe pia kwenye `.gitignore`. Skripti iwe na ruhusa ya kuendeshwa. Kwenye kiraka utaona `new file mode 100755`.

Halafu `config`. Kama jaribio linatumia netem kuchelewesha pakiti, `CONFIG_NET_SCH_NETEM` lazima iwepo. Isipokuwepo, skripti iliyoandikwa kwa adabu itasema imerukwa, na itaendelea kurukwa mwaka mzima kwenye mashine za majaribio bila mtu kugundua. Keneli ya kompyuta ya mwandishi ina kila kitu kwa sababu inatoka kwenye distro yake, ndiyo maana kwake hilo halikuonekana.

## Skripti yenyewe

Sasa kaa chini. Huu hapa mfano nilioutunga kwa kukusanya makosa ninayokutana nayo mara kwa mara. Ndani yake, netns ni mtandao uliotengwa ndani ya keneli, veth ni waya pepe unaounganisha netns mbili, na socat ni programu ya kusafirisha data. Usome kwanza bila kuangalia maelezo yangu, uhesabu kasoro mwenyewe.

```
ip netns add server
ip netns add client
ip link add veth0 netns client type veth peer name veth1 netns server
ip -n client addr add 2001:db8:1::1/64 dev veth0
ip -n server addr add 2001:db8:1::2/64 dev veth1
ip -n client link set veth0 up
ip -n server link set veth1 up

ip netns exec server socat -u TCP6-LISTEN:8000 OPEN:/tmp/out,creat &
sleep 1
ip netns exec client socat -u FILE:/tmp/in \
    TCP6:[2001:db8:1::2]:8000 2>&1 | tee /tmp/log
if [ $? -eq 0 ]; then
    echo "PASS"
fi
```

Anza mwishoni, kwenye hukumu. `$?` hapo si jibu la socat, ni jibu la `tee`, kwa kuwa bash hurudisha hali ya amri ya mwisho kwenye mnyororo isipokuwa `pipefail` imewashwa. Na `tee` hufaulu karibu siku zote. Hata tukiliondoa `tee`, bado kuna shimo: `if` isiyo na `else`, sharti lake lisipotimia, hurudisha sifuri. Sifuri kwa kselftest, mfumo unaoendesha majaribio haya, maana yake ni kufaulu. Yaani skripti hii haiwezi kufeli. Ukate waya, ufute anwani, uondoe rekebisho la keneli, bado itahesabiwa kuwa imefaulu. Haikuchapisha neno PASS? Mfumo hausomi neno hilo, unasoma hali ya kutoka: 0 ni kufaulu, 1 ni kufeli, 4 ni kurukwa.

Kuna ndugu wa kosa hili ndani ya vitendakazi: `local jibu=$(amri)`. Hapo `$?` inakuwa ya `local`, nayo ni sifuri. Dai mistari miwili, tangazo kwanza na thamani baadaye.

Bado tuko kwenye hukumu. Socat ya upande wa mteja ikifaulu, maana yake data imekabidhiwa keneli, si kwamba imefika upande wa pili. Jaribio halilinganishi kilichotumwa na kilichopokewa. Lazima kuwe na `wait` kwa mpokeaji, kisha `cmp`.

Panda juu kidogo: `sleep 1`. Kwenye laptop ya mwandishi seva huamka kwa milisekunde chache, hivyo sekunde moja inaonekana nyingi. Kwenye mashine pepe yenye keneli ya uchunguzi, ambamo KASAN na lockdep (vichunguzi vya makosa ya kumbukumbu na ya kufuli) zimewashwa na majaribio mengine yanagombania CPU, sekunde moja inaweza isitoshe. Kuibadilisha kuwa `sleep 5` si dawa. Inapunguza kigeugeu huku ikimcheleweshea kila mtu kila siku. Dawa ni kusubiri tukio lenyewe. Ndani ya `lib.sh` kuna `wait_local_port_listen`, inayotazama `/proc/net` mpaka poti ifunguliwe, na `busywait` pamoja na `slowwait` kwa matukio mengine.

Ila katika mfano huu `sleep 1` inaficha jambo la pili, na hili ndilo huwapita wakaguzi wengi. Anwani ya IPv6 ikiwekwa, keneli huanza kwa kuuliza mtandaoni kama kuna mwingine mwenye anwani hiyo. Mpaka uchunguzi huo uishe anwani ni ya muda na haitumiki kama kawaida. Uchunguzi huchukua sekunde moja na zaidi kidogo, ukitanguliwa na kusubiri kwa bahati nasibu. Kwa hiyo `sleep 1` inatosha mara nyingine na haitoshi mara nyingine, hata kwenye mashine yenye kasi. Ukiona IPv6 kwenye veth, tafuta neno `nodad`, linaloiambia keneli iuruke uchunguzi huo. Lisipokuwepo, andika maoni hapo hapo.

Kisha majina. `server` na `client` ni majina ambayo mtu yeyote angeyachagua, na jaribio jingine likiendeshwa sambamba litagongana na hili. Skripti ikikatizwa katikati, netns hizo zinabaki, na mara ya pili `ip netns add` inakataa kwa kuwa jina lipo. Vivyo hivyo `/tmp/in` na `/tmp/out`, na hapa pana hatari zaidi: `/tmp/out` ya jana ikibaki, `cmp` tunayoidai inaweza kufaulu kwa data ya jana. Mwisho, hakuna anayehakikisha kwamba socat imesakinishwa.

Toleo ambalo ningelikubali linaelekea hivi:

```
source lib.sh

cleanup()
{
    cleanup_all_ns
    rm -f "$in" "$out"
}

command -v socat > /dev/null || exit "$ksft_skip"
in=$(mktemp)
out=$(mktemp)
trap cleanup EXIT
head -c 1M /dev/urandom > "$in"

setup_ns SRV CLI
# veth kama juu, kwa $SRV na $CLI, anwani zikiwa na nodad

ip netns exec "$SRV" socat -u TCP6-LISTEN:8000 OPEN:"$out" &
pid=$!
wait_local_port_listen "$SRV" 8000 tcp
ip netns exec "$CLI" socat -u FILE:"$in" \
    TCP6:[2001:db8:1::2]:8000 || exit 1
wait "$pid" || exit 1
cmp "$in" "$out" || exit 1
```

`setup_ns` huzipa netns majina yasiyogongana na kuwasha `lo`, na `trap` husafisha hata skripti ikifia njiani. Poti 8000 haina shida tena, kwa sababu ndani ya netns mpya hakuna mwingine anayeitumia. Kwenye toleo halisi ningetaka pia ujumbe mfupi kabla ya kila `exit`, ili anayesoma matokeo ajue ni hatua gani iliyoshindwa na ni kifaa gani kilichokosekana.

## Majaribio ya C na ya Python

Kwenye C, mengi hutumia `kselftest_harness.h`. Jua tofauti ya `ASSERT_EQ`, inayosimamisha jaribio, na `EXPECT_EQ`, inayoandika kosa na kuendelea. Ikiwa `socket()` imepimwa kwa `EXPECT`, mistari inayofuata itafanya kazi na namba hasi na matokeo yatakuwa kelele tupu. Kwenye TCP mkague anayedhani `send` moja ni `recv` moja. TCP ni mkondo, na data inaweza kufika vipande vipande. Ukikuta jaribio linalotarajia kosa, lipime `errno` mahususi. Kuridhika na `-1` ni kuridhika hata na kosa la tahajia kwenye hoja za soketi. Na `recv` inayoweza kusubiri milele iwekewe `SO_RCVTIMEO`. Muda wa kawaida wa kselftest kwa programu moja ni sekunde 45, ila faili la `settings` la folda linaweza kuubadilisha.

Ya Python yako zaidi upande wa draiva. Angalia jambo moja kabla ya yote: baada ya `ksft_run` lazima iitwe `ksft_exit`. Ikisahaulika, matokeo yanachapishwa vizuri kabisa, mengine yakiwa `not ok`, na programu inatoka na sifuri. Ni kosa lile lile la skripti yetu likiwa limevaa nguo nyingine. Kisha hakikisha kila mpangilio uliobadilishwa kwenye kifaa una `defer` ya kuurudisha, iandikwe mara tu baada ya badiliko, maana hapa pengine kifaa ni kadi halisi ya mtu na si netdevsim, kifaa cha kuigiza.

## Lione likifeli

Hatua hii haina mbadala, na kusoma peke yake hakuizibi. Tuseme mfululizo una viraka viwili, rekebisho na jaribio. Liendeshe jaribio kwanza kama lilivyo, lifaulu. Halafu:

```
git revert --no-edit HEAD~1
vng --build
```

Liendeshe tena. Likifeli, soma ujumbe: limefeli kwa sababu ile iliyoelezwa kwenye kiraka, au kwa sababu nyingine? Jaribio la MTU linalofeli kwa kuwa seva haikuwaka halijakuthibitishia chochote. Likifaulu bila rekebisho, ukaguzi wako umefika mwisho kwa leo. Andika hivyo, ambatisha matokeo, na usitie alama yoyote ya kuidhinisha.

Pale ambapo hakuna rekebisho, yaani jaribio linapima tabia iliyokuwepo siku zote, ivunje tabia hiyo kwa mkono. Fungua kitendakazi husika ndani ya `net/`, kifanye kirudishe kosa au kiruke sharti moja, jenga, endesha. Mstari mmoja unatosha. Ukiona uvivu wa kugusa keneli, angalau badilisha thamani inayotarajiwa ndani ya jaribio, ingawa hilo linakuambia tu kwamba ulinganisho upo. Halikuambii kwamba linganisho hilo linafikiwa na kasoro ya kweli.

## Libane mpaka liseme ukweli

Kufaulu mara moja ni kidogo mno. Mimi huendesha mara mia, ndani ya mashine pepe ile ile, kutoka folda ya jaribio:

```
for i in $(seq 100); do
    ./jaribio.sh > /tmp/l.$i 2>&1 || echo "limefeli: $i"
done
```

Kurudia ndani ya mashine moja kuna faida ya ziada: usafi mbovu unajitokeza mzunguko wa pili tu. Rudia na `--cpus 1`, kisha na CPU nyingi, kisha kwa keneli iliyojengwa na `kernel/configs/debug.config`. Ukaguzi wa kiotomatiki wa netdev, jumuiya inayotunza upande wa mtandao wa keneli, huendesha majaribio kwa keneli ya kawaida na kwa keneli ya uchunguzi pia, na kwenye mashine za polepole huweka `KSFT_MACHINE_SLOW=yes`. Jaribio linalopima muda, kwa mfano kwamba kasi haikuzidi kiwango fulani, liheshimu alama hiyo. Likifeli mara mbili kati ya mia, si "karibu sawa". Ni kigeugeu, nalo litamchosha mtu kila wiki.

Jaribio likiwa limefaulu, bado hujamaliza: soma kumbukumbu ya keneli kwa `dmesg`. Tafuta `WARNING`, `BUG`, `KASAN`. Na usizime mashine haraka. Netns hufutwa nyuma ya pazia baada ya skripti kuisha, na kama kuna mahali keneli imeshikilia kifaa bila kukiachia, dalili huja kwa kuchelewa, kwa kawaida baada ya sekunde 10:

```
unregister_netdevice: waiting for veth1 to become free. Usage count = 2
```

Mstari huo, ukirudiarudia, ni kasoro ya keneli ambayo jaribio limeifichua bila mwandishi kukusudia. Uuripoti hata kama hauhusiani na kiraka unachokikagua. Mimi husubiri nusu dakika kabla ya kutoka.

## Andika jibu

Jibu chini ya mstari unaouzungumzia, ukikata sehemu za kiraka zisizohusika. Tenga yanayozuia na yasiyozuia. Hukumu inayotoka na sifuri inazuia. Jina la kigezo usilolipenda halizuii, na kama una matatu ya namna hiyo, chagua moja. Badala ya kusema "hii ni ya kigeugeu", weka hesabu: imefeli mara 3 kati ya 100, `--cpus 1`, keneli ya uchunguzi, na huu hapa ujumbe wa kosa. Mwandishi aliyetumia jioni zake mbili kuandika jaribio anastahili kuona kwamba nawe umelitolea jasho.

Alama nazo zina maana yake. `Tested-by` inasema umeliendesha. `Reviewed-by` inasema umelisoma lote na hujui kasoro inayolizuia. Kama uliendesha tu bila kusoma upande wa C, toa ya kwanza na useme wazi upande wa C hukuugusa.

Toleo la pili haliji siku hiyo hiyo. Netdev inataka yapite angalau saa 24 kati ya matoleo. Likifika, `b4 diff` itakuonyesha kilichobadilika tangu lile la kwanza. Soma hapo kwanza, kisha rudi kwenye `git revert` na uliendeshe bila rekebisho kwa mara nyingine, kwa sababu mara nyingi ni wakati wa kusafisha msimbo kati ya toleo na toleo ndipo jaribio linapopoteza uwezo wake wa kufeli.